Tá na Níl

Nimeitandaza mezani jikoni miaka yako kumi na mmoja,
Attracta Gilhooly, mbunge usiye na chama,
kurasa mia mbili na sita zilizobanwa kwa pini,
na kikombe changu kimeshaacha duara la chai juu ya mwaka wa bajeti.

Gazeti la Kilbrannock linataka mistari ishirini.
"Idadi tu, Fintan," kasema mhariri,
"hotuba za mazishi tunazo za kutosha."

Haya, idadi.
Kura elfu moja mia tisa na tatu ziliitishwa ukiwa bungeni Dublin.
Ulipiga elfu moja mia nne na kumi.
Maswali kwa mawaziri, mia saba;
thelathini na tisa kati ya hayo
ni kuhusu kivuko kimoja cha reli kisicho na taa, pale Derrynagh.
Swali la tano walicheka.
Kufikia la ishirini hapakuwa na wa kucheka,
hapakuwa pia na wa kusikiliza.

Lugha ya babu zetu haina ndiyo, haina hapana.
Kitufe kimoja kimeandikwa Tá: kipo.
Cha pili, Níl: hakipo.
Ulikuwa ukiniambia garini, usiku, njia ya kurudi,
wipa zikikwaruza kioo,
"Hawaniulizi nataka nini, Fintan.
Wananiuliza kuna nini."

Kuna na kitufe cha tatu, cha wanaojizuia.
Ulikibonyeza mara moja tu:
ruzuku ya mbio za mbwa,
kwa ajili ya Malachy kaka yako
na wale mbwa wake wawili, wembamba kama vitana.

Ulipokosekana, daftari halisemi kwa nini.
Mimi nasema.
Tarehe tisa Machi ulikuwa umepiga magoti zizini kwa akina Foley,
mkono hadi kwapani, ndama amekaa kinyume.
Wiki nzima ya Novemba ulikuwa kwenye foleni za watu,
fomu za ulemavu, fomu za paa, barua ya mjane
aliyedaiwa kodi ya trekta iliyomuua mumewe.
Na ile Alhamisi ya Juni
kengele ya kura ililia dakika sita kamili
nawe umejifungia chooni, ghorofa ya pili,
mimi nje nakuita, nawe husemi kitu.
Hilo sitaliandika.

Ukurasa wa mia moja na kumi na nane siufichi.
Serikali ilipungukiwa na kura moja.
Walikuja wawili, viatu vyao safi, wakakaa katika ofisi yako ndogo
wakaongea kuhusu hali ya hewa kwa nusu saa.
Asubuhi yake, bajeti: Gilhooly, Tá.
Tukapata daraja. Zege jeupe, taa kumi na mbili,
na kibao chenye jina la waziri.
Ndani ya bajeti ile ile, mstari mdogo kama chawa,
wodi yetu ya uzazi ikafungwa.

Sasa ndilo daraja tunalopita kwenda hospitali ya mbali.
Majira ya baridi yale, mke wa Mulvey alijifungua juu yake,
ndani ya ambulensi, chini ya taa ya saba.
Mtoto wa kike, mzima.
Jina lako hawakumpa.

Ulikatazama katoto kale kanisani, ukanigeukia,
"Bado ningepiga vile vile," ukasema. Kisha,
"Sijui."
Daftari halina kitufe cha sijui.

Mhariri amepiga simu mara mbili.
Nimeandika mistari kumi na minne, nimefuta tisa.

Jana jioni nilitembea hadi Derrynagh.
Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta ya mboji,
reli zikiteleza ndani yake na kupotea.
Nilitafuta taa.
Níl, Attracta.
Nikasimama, nikasikiliza kushoto, nikasikiliza kulia,
nikavuka.